Pothosi ikinyauka, angalia mizizi kabla ya kushika kopo la maji

Mwezi wa Februari, joto la Dar es Salaam likiwa kileleni, mama mmoja jirani yangu wa ghorofa ya chini aligonga mlango akiwa amekumbatia kisado cha rangi kilichovalishwa kitambaa cha kufuma. Ndani yake mlikuwa na pothosi, ule mmea wa kutambaa ambao wengi wetu tunauita mmea wa pesa. Shina la mmea lilikuwa refu kupita kimo cha mama mwenyewe, lakini majani yaliyosalia hayakufika kumi na tano. Karibu nusu yalikuwa ya njano, yamelegea kama kanga iliyotolewa majini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huu mmea umenishinda. Naupa maji asubuhi, naupa jioni, na bado una kiu."

Mmea haukuwa na kiu. Ulikuwa unazama. Kwa macho, mmea unaozama na mmea wenye kiu wanafanana kama mapacha: majani yanalegea, yanageuka njano, yanadondoka. Tofauti yao iko chini ya udongo, na hapo ndipo watu wengi hawaangalii. Nimeokoa pothosi nyingi kwa miaka hii, na zile zilizonifia zilikufa kwa sababu nilitibu kabla ya kutazama. Kwa hiyo naomba ufuate hatua hizi kwa mpangilio wake, hata kama una hakika umeshajua ugonjwa.

Kabla ya yote, usiuguse kwa siku moja

Mmea ukinyauka, mkono unakimbilia maji. Maji yakishindwa, unakimbilia mbolea. Mbolea ikishindwa, chungu kinatolewa barazani "kipate jua". Kwa mmea ulioozewa na mizizi, mambo hayo matatu ndiyo yanayoumaliza: maji yanazidisha uozo, mbolea inaunguza mizizi michache iliyosalia, na jua la saa sita linayakausha majani ambayo hayana pa kupata maji mengine. Shina la pothosi ni nene na lina akiba yake, kwa hiyo siku moja bila kitu haitauua. Uweke penye mwanga lakini pasipo na jua la moja kwa moja, kisha endelea kusoma.

Hatua ya 1: Pima udongo wa chini

Udongo wa juu hudanganya. Kwenye nyumba zetu feni inazunguka mchana kutwa, na upepo wake unakausha sentimita mbili za juu kwa siku moja tu. Unaona vumbi, unasema udongo umekauka, kumbe chini ni tope.

Chukua kijiti cha mshikaki, kile cha mianzi. Kichomeke pembeni mwa chungu mpaka kiguse chini kabisa, kiache dakika kumi, kisha kivute. Kikitoka kisafi na kikavu, mmea wako una kiu. Kikitoka kimegeuka rangi, kina unyevu na chembe za udongo zimekishika, maji bado yapo. Kinuse pia. Udongo mzima hunukia kama shamba baada ya mvua. Udongo uliooza hunuka kama mtaro.

Halafu inua chungu. Mkono hujifunza uzito haraka: chungu kikavu ni chepesi kiasi cha kukushangaza. Kisado cha mama jirani kilikuwa kizito kama kimejaa uji, na tulipokiinamisha, maji yalianza kutiririka ukingoni.

Kwa hiyo: majani yamelegea na udongo wa chini ni mkavu, hiyo ni kiu. Majani yamelegea na udongo wa chini ni mbichi, mizizi imeanza kuoza. Kama udongo uko sawa na majani hayajalegea ila yana kasoro nyingine, tatizo liko kwenye mwanga, baridi, chumvi au wadudu, na hatua ya 2 itakuonyesha.

Kama ni kiu, bahati yako. Udongo uliokauka sana hukataa maji; ukimimina juu yanapita pembezoni na kutokea chini bila kulowesha kitu. Weka chungu ndani ya beseni lenye maji yanayofika nusu ya kimo chake, kiache dakika 30 hadi 45 kinywe kutoka chini, kisha kitoe kichuruzike. Majani yatasimama ndani ya saa chache au kufikia kesho yake. Yasiposimama, usirudie maji. Nenda hatua ya 3.

Hatua ya 2: Soma majani

Jani moja la njano, tena la chini kabisa karibu na shina lilipoanzia, si ugonjwa. Limezeeka. Likate, endelea na shughuli zako. Matone ya maji kwenye ncha za majani alfajiri nayo si ugonjwa. Mmea umevuta maji mengi usiku na unayatoa. Ila ukiyaona kila siku, ni dalili kwamba unamwagilia zaidi ya inavyohitajika.

Majani mengi kugeuka njano kwa mpigo, na udongo uko mbichi, ni mizizi. Shina likibonyea kwa kidole karibu na udongo, uozo umeshapanda juu, na hapo usisubiri hata hiyo siku moja.

Ncha za kahawia, kavu, zinazovunjika kama karatasi, mara nyingi ni chumvi. Sehemu nyingi za Dar es Salaam tunatumia maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Ukionja unaisikia ulimini. Maji hukauka, chumvi hubaki. Baada ya miezi kadhaa unaona utando mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu. Dawa yake ni kuuosha udongo: peleka chungu bafuni, mimina maji yasiyo na chumvi yapite na kutokea chini, kiasi cha mara tatu au nne ya ujazo wa chungu chenyewe. Maji ya mvua ndiyo bora kuliko yote. Masika yakifika mimi hukinga ndoo mbili kwa ajili ya mimea tu, nazifunika vizuri. Ncha za kahawia huletwa pia na kiyoyozi kinachopuliza mmea moja kwa moja, jambo la kawaida maofisini.

Baka kavu la kahawia au jeupe katikati ya jani, upande unaotazama dirisha, ni kuungua na jua. Halitapona, lakini halienei. Madoa meusi au ya kahawia yenye duara la njano na yanayopanuka ni fangasi au bakteria. Kata majani hayo yote, acha kunyunyizia maji juu ya majani, na uupe mmea hewa.

Majani mapya kuwa madogo kuliko ya zamani, nafasi kati ya jani na jani kurefuka, na ile michirizi ya njano au nyeupe kufifia mpaka jani lote likawa kijani, hiyo ni njaa ya mwanga. Sehemu nyeupe ya jani haina chembe kijani zinazotengeneza chakula, kwa hiyo mmea ukiwa gizani hauwezi kugharamia weupe. Watu husema pothosi inaishi gizani. Inavumilia giza, hiyo ni kweli, lakini inapungua kidogo kidogo, na kwa kuwa inatumia maji machache gizani, ndiyo inayooza upesi zaidi ukiimwagilia kama ile ya dirishani.

Walio Nairobi, Arusha na Mbeya wana jambo moja ambalo sisi wa pwani hatulijui: baridi ya Juni hadi Agosti. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 pothosi hukaribia kusimama kukua, na chini ya 10 majani hupata mabaka meusi na kulainika. Huko Njombe na Makete usiku wa Julai usiuache mmea umegusa kioo cha dirisha. Na miezi hiyo punguza maji kwa nusu au zaidi, kwa sababu udongo wa baridi hukauka polepole mno.

Mwisho geuza majani uangalie chini yake, hasa pale jani linapoungana na kikonyo. Vipande vyeupe kama pamba ni vidung'ata. Vipele vya kahawia vinavyobanduka kwa ukucha ni vidugamba. Jani likiwa na vumbivumbi na utando mwembamba kama wa buibui, weka karatasi nyeupe chini yake ulipige kidogo. Vikianguka vijidoa vinavyotembea, ni utitiri, ambao hupenda hewa kavu kama ya Dodoma wakati wa kiangazi. Wote hao waondoe hivi: pamba iliyoloweshwa spiriti kwa wale unaowaona, kisha futa majani yote, juu na chini, kwa maji yenye kijiko kidogo cha sabuni ya kuoshea vyombo kwa kila lita. Rudia kila baada ya siku 7, mara tatu. Mara moja haitoshi kwa sababu mayai yanabaki.

Hatua ya 3: Itoe kwenye chungu

Watu wengi huogopa hatua hii, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Hakuna dalili ya jani inayokuambia ukweli kama mzizi wenyewe.

Tandika gazeti sakafuni. Laza chungu ubavu, kigongegonge pande zote, shika mashina yote kwa pamoja karibu na udongo, vuta taratibu. Ukikwama, pitisha kisu butu ukingoni. Ikiwa ulinunua mmea kitaluni ukaupanda pamoja na kiriba chake cheusi, utakiona sasa. Kichane ukitupe, kwa sababu mizizi ilikuwa inazunguka humo bila pa kwenda.

Sasa osha udongo kwa maji ya bomba yanayotiririka polepole. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya krimu, mgumu, ukiukunja unakatika kama njegere changa. Mizizi mizee inaweza kuwa ya kahawia hafifu, lakini bado ni migumu. Mzizi uliooza ni wa kahawia iliyokoza au mweusi, na una alama moja ambayo ukiiona hutaisahau: ukiubana kati ya vidole viwili na kuuvuta, ganda lake linavuka lote kama soksi, ndani kunabaki uzi mwembamba.

Tulipotoa ule wa mama jirani, kisado hakikuwa na tundu hata moja. Maji ya kimo cha vidole viwili yalikuwa yamelala chini, meusi. Alirudi nyuma akaziba pua kwa ncha ya kanga. Tulivuta soksi kumi, ishirini, tukaacha kuhesabu. Mizizi mizima ilikuwa mitano.

Kwa nini maji yanaua mmea? Kwa sababu mizizi inapumua. Pothosi asili yake ni Moorea, kisiwa kimoja cha Polinesia ya Ufaransa, na huko ni mmea wa msituni unaopanda miti. Hutoa mizizi hewani, hushika magome, hupanda mita nyingi, na kule juu majani yake huweza kufika urefu wa karibu mita moja. Vile vichomozi vya kahawia unavyoviona kwenye shina lako nyumbani ndiyo hiyo mizizi ya hewani, inatafuta mti. Mizizi ya mmea wa namna hii ukiizamisha kwenye tope lisilo na hewa, inakosa oksijeni, inakufa, na vimelea vya udongoni vinaingia kuila. Mzizi uliokufa hauvuti maji, kwa hiyo majani yanalegea huku chungu kimejaa maji. Mwenye mmea anaona majani yamelegea, anaongeza maji. Ndivyo mama jirani alivyoingia kwenye mzunguko ule, kwa nia njema kabisa.

Hatua ya 4: Kata

Futa mkasi kwa spiriti. Kata kila mzizi unaobonyea, mpaka ufike penye weupe. Usiuonee huruma: ukiacha kipande kilichooza, uozo unaendelea. Futa mkasi tena kila unapohama shina moja kwenda jingine. Utomvu wa mmea huu una vijifuwele vya kalisi okzaleti vinavyowasha, kwa hiyo kama ngozi yako ni nyepesi vaa glavu, na usijipanguse macho.

Baadhi ya watu hunyunyizia mdalasini kwenye vidonda. Mimi sitii kitu. Nauacha mmea kivulini saa moja au mbili vidonda vikauke.

Kisha amua. Ikiwa zaidi ya nusu ya mizizi ni mizima, nenda hatua ya 5, upande upya. Ikiwa iliyobaki ni michache, shina refu ni mzigo isioweza kuubeba: kata shina vipandikizi, nenda hatua ya 6, na kile kisiki kilichobaki na mizizi kipande pia. Kwa maoni yangu, hata mizizi ikiwa mizuri, kata vipandikizi viwili vitatu vya akiba.

Pothosi nzuri mno kwa jambo hili, kwa sababu haijui njia nyingine ya kuzaliana nyumbani. Haichanui. Mara ya mwisho kuandikwa kwamba imechanua yenyewe ilikuwa 1964, na mwaka 2016 watafiti walieleza sababu: jeni yake moja ina hitilafu, mmea unakosa homoni ya jibereli inayochochea maua. Kwa hiyo hiyo pothosi ya sebuleni kwako ni kipande cha kipande cha kipande cha mmea mwingine. Kipandikizi ukikiokoa, umeuokoa mmea ule ule.

Hatua ya 5: Udongo na chungu kipya

Udongo wa zamani utupe. Viriba vya vitaluni mara nyingi hujazwa udongo mzito, mzuri kwa kusafirisha mche, lakini ndani ya nyumba unashika maji kama tofali bichi. Mchanganyiko wangu ni sehemu mbili za udongo mweusi wa bustani, sehemu moja ya usumba wa makumbi ya nazi uliochambuliwa, na sehemu moja ya pumba za mpunga zilizochomwa au chenga za mkaa zenye ukubwa wa punje za mahindi. Ukikosa pumba na mkaa, tumia mchanga wa mto wenye punje kubwa. Usichote mchanga ufukweni, una chumvi.

Usumba nao una neno. Makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa kwenye matope ya bahari kwa miezi ili yalainike, kwa hiyo usumba wake unakuja na chumvi yake. Loweka usiku kucha kwenye maji matamu, mwaga, loweka tena, kamua.

Chungu kiwe kikubwa kuliko fungu la mizizi kwa sentimita mbili au tatu tu kila upande. Mizizi michache ndani ya chungu kikubwa inazungukwa na udongo mbichi ambao hakuna wa kuunywa. Na lazima kiwe na matundu. Kisado cha plastiki hutobolewa kwa msumari wa inchi nne uliopashwa moto, matundu sita yenye upana wa penseli. Fanyia nje, moshi wake si mzuri. Kama una chungu kizuri kisicho na tundu, panda kwenye chungu cha kawaida ukitumbukize humo, na kila ukimwagilia ukitoe kwanza.

Sasa kokoto. Karibu kila mtu aliyenifundisha kupanda maua alianza kwa kunimwagia kokoto chini ya chungu "ili maji yatoke". Hazisaidii, zinadhuru. Fanya jaribio hili jikoni: chukua sponji la vyombo, lijaze maji, lishike hewani. Litadondosha, kisha litaacha. Bonyeza ukingo wake wa chini, maji yatamwagika tena. Yalikuwa yamening'inia mle ndani, uzito wake haukutosha kuyaangusha. Udongo ni vivyo hivyo. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo wenye chembe ndogo kwenda kwenye nafasi kubwa za kokoto. Yanasubiri juu ya kokoto mpaka udongo ujae. Ukiweka sentimita tano za kokoto, umelipandisha tope sentimita tano kuelekea kwenye mizizi. Weka kipande cha wavu au kigae kilichopinda juu ya tundu kuzuia udongo usimwagike, basi.

Panda kwa kina kile kile cha zamani. Shindilia kwa vidole, si kwa kiganja. Mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini. Yakichukua zaidi ya dakika mbili kutokeza, udongo wako ni mzito, uongeze mkaa au pumba sasa hivi kabla mmea haujazoea.

Hatua ya 6: Vipandikizi

Tafuta kifundo, pale jani linapotokea kwenye shina, penye kile kichomozi cha mzizi wa hewani. Kata sentimita moja au mbili chini yake. Kila kipande kiwe na kifundo kimoja au viwili na jani moja au mawili. Jani lenye kikonyo bila kifundo linaweza kukaa kijani kwenye maji wiki nyingi na kukupa matumaini, lakini halitatoa shina kamwe. Mashina marefu yaliyopukutika majani usiyatupe. Kifundo chenye uhai huchipua hata bila jani, ila huchukua muda mrefu zaidi.

Viweke kwenye chupa ya jamu, kifundo kiwe ndani ya maji, jani liwe nje. Weka karibu na dirisha pasipopigwa na jua. Badilisha maji kila siku 5, na usizidishe wiki moja kwa hali yoyote. Maji mapya yana oksijeni, hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni mbu. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengue, ikiwemo ya 2014 na 2019, na mbu wake hutaga kwenye maji masafi yaliyotuama, hasa ndani na karibu na nyumba. Ukimwaga maji, sugua pia kuta za chupa kwa kidole, maana mayai hugandia pale usawa wa maji.

Kwa joto la pwani mizizi huonekana kati ya wiki moja na tatu. Ikifika sentimita tano, panda, vipandikizi vitatu au vinne kwenye chungu kimoja ili kijae vizuri. Wiki mbili za kwanza udongo usikauke kabisa, kwa sababu mizizi iliyozaliwa majini inahitaji muda wa kuzoea udongo.

Hatua ya 7: Miezi miwili ya uangalizi

Mwanga: mita moja au mbili kutoka dirishani. Saa sita mchana nyoosha mkono juu ya mmea; ukiona kivuli chenye kingo hafifu, pametosha. Usipoona kivuli chochote, sogeza karibu. Kikiwa kikali chenye kingo kali, rudisha nyuma au weka pazia jepesi.

Maji: kijiti cha mshikaki ndicho kalenda yako. Sentimita tano za juu zikikauka, mwagilia mpaka yatoke chini, mwaga yaliyobaki kwenye kisahani baada ya nusu saa. Kwa ratiba ya siku mtu hukosea tu, maana wiki ya mvua na wiki ya kaskazi hazilingani hata ndani ya nyumba ile ile.

Mbolea: hakuna, mpaka jani jipya lifunguke. Baada ya hapo, mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo cha kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi. Urea usiitie kabisa kwenye chungu kidogo. Samadi iwe imeoza sawasawa, haina joto wala harufu, na iwe kiganja kimoja tu.

Majani ya njano hayarudi kuwa kijani, kwa hiyo usiupime mmea kwa hayo. Mmea ukipoteza majani mawili matatu zaidi baada ya kuhamishwa, ni kawaida. Unachosubiri ni ncha iliyojiviringisha, nyembamba kama sindano ya kushonea magunia, inayochomoza kwenye kifundo cha mwisho. Dar es Salaam hutokea ndani ya wiki tatu hadi sita.

Ukikaa na watoto wadogo, paka au mbwa, utundike juu. Vile vijifuwele vikitafunwa huchoma mdomo na koo, na mtoto anaweza kuvimba ulimi. Msukutue mdomo kwa maji na umpeleke kituo cha afya akionekana kushindwa kumeza au kupumua vizuri. Mabaki ya kupogoa usiyatupe bondeni wala pembezoni mwa msitu. Hawaii na Sri Lanka, ambako mmea huu ulitoroka bustanini, umefunika miti ya watu na kuwa gugu.

Kile kisiki chenye mizizi mitano tulikipanda kwenye kisado kile kile, safari hii kikiwa na matundu sita, juu ya sahani ya bati. Shina tulilikata vipandikizi saba. Kimoja kilioza wiki ya kwanza, sita vikatoa mizizi. Mwishoni mwa Machi mama alinigongea tena, mikono mitupu, akaniita nishuke nikaone. Juu ya kisado, kilichovalishwa tena kitambaa chake kilichofuliwa, jani dogo lilikuwa limefunguka nusu, laini, linang'aa kama limepakwa mafuta. Kijiti cha mshikaki kilikuwa kimechomekwa pembeni yake.

"Leo sijakipa," akasema. "Kimetoka kimelowa."

Tulivipanda vile sita kwenye vyungu viwili, akachukua kimoja akampelekea dada yake Temeke, pamoja na kijiti.